Mwaka Kompyuta Yetu Ilipokuwa na Watu Ndani

Nianze na upuuzi wangu mwenyewe, nisije nikaambiwa nimeuficha: niliifuta Bismillahi ya mama. Si moja, zote. Mama alikuwa akitengeneza kadi za harusi kwenye kompyuta ya nyumbani, na kadi ya harusi ya mjini kwetu huanza juu kabisa na Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, ndipo yafuate majina na mengine yote. Mimi, katika kuipunguzia kompyuta mzigo, nikazitafuta faili za herufi, nikazipanga kwa ukubwa, nikazifuta zile nene za juu, kisha nikamwaga na pipa la taka ili pawe safi. Zile nene ndizo zilizokuwa za Kiarabu. Mama alipoifungua kadi yake, pale juu palikuwa na visanduku vitupu vimejipanga, kama madirisha ya nyumba iliyoachwa kabla ya kumalizwa.

Mwezi uliopita umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira kama ada yake, na kompyuta ile ikafa. Ilitoa moshi kidogo, harufu ikakaa ukumbini siku nzima, na mama akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma kama vile anamfunika mtu. Naambiwa kumbukumbu za maisha huandikwa na wazee wenye mvi na miwani. Mimi nipo kidato cha sita, mvi sina, lakini marehemu wa kumwandikia ninaye, basi inatosha. Wala sitaeleza babu yangu alitoka wapi na alishuka na nini; kila nyumba ya Mji Mkongwe ina hadithi hiyo na zote zinafanana, kasoro jina la babu. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, niliokuwa kidato cha pili, na chumba kimoja.

Chumba chenyewe ni ukumbi wetu wa juu, Kiponda, wenye dirisha lililokaribiana na la jirani hata mama alikuwa akimpa chumvi bila ya yeyote kati yao kushuka ngazi. Kompyuta iliwekwa juu ya meza ya cherehani. Cherehani ikaenda chini ya kitanda siku ile mjomba alipoileta kompyuta kutoka Muskati, imeviringishwa mablanketi mawili kama mgonjwa, skrini ina mgongo mkubwa kuliko friji ya maji ya barafu ya dukani. Mjomba aliacha sharti moja: ifanye kazi. Ikiwa itakaa kuchezewa gemu, basi ipelekwe Jang'ombe kwa mama mdogo, ambaye mwanawe anayasoma mambo hayo. Alipolisema hilo alikuwa akinitazama mimi, si kompyuta. Mama akaitikia, "Itafanya kazi," na ndani ya miezi michache akajifundisha kadi, peke yake, kidole kimoja kimoja, kwanza za majirani kisha za majirani wa majirani. Aliipenda kazi ile kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule. Nilidhani anapenda karatasi zenye maua.

Chini ya dirisha palikuwa na busati, na juu ya busati alikuwa Bibi, mama yake mama. Hapo ndipo tulipokuwa tukila. Ijumaa likishuka sinia la pilau, walikuja jamaa wa ubavu wa baba, wanakula vizuri, wananawa, halafu hawaondoki. Wanaegemea ukuta, wanachokoa meno, wanazungumza bei ya samaki changu wa Chwaka. Mama alikuwa akimnong'oneza Bibi jikoni, "Wameshakula hawa, sasa wamekalia busati tu. Wengine niwatandikie wapi?" Nayajua maneno hayo kwa sababu nilikuwa ngazini. Kila mama alipopata mgeni wa kike alikuwa akisema, "Nassor, toka," nami nilikuwa mtoto mtiifu, natoka. Natoka mpaka ngazi ya tatu, narudisha mlango nyuma yangu, nakaa. Elimu yangu kubwa ya mwaka ule niliipata pale, si skuli: nani kaachwa, nani karudiwa, nani kapeleka posa Kiwengwa akaambiwa asubiri, na nani pilau yake haiivi.

Sasa nije kwenye ugonjwa. Mjomba alikuwa ameleta pamoja na kompyuta programu moja ya adhana. Ukiitia, inakaa inahesabu, na wakati wa sala ukifika, inaadhini kwa spika, na picha ya msikiti inatokea. Bibi aliifurahia kwa siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Huyu ana haraka, kama amewacha chungu motoni." Nikaenda dukani Darajani nikapata sidii ya programu nyingine, nikaitia. Huyo wa pili Bibi alimwona mtoto mdogo, bado hajabaleghe. Nikaazima ya tatu kwa mwenzangu wa darasani. Wa tatu sauti yake ilikuwa nzuri, lakini katika orodha yake ya miji Zanzibar haikuwamo, nikachagua Mombasa, ikawa anatangulia, na Bibi akasema hasali kwa saa ya Mombasa. Nikatia ya nne. Kila muadhini mpya akiingia, wa zamani nilimfunga kwa kubonyeza ule msalaba mdogo wa pembeni, dirisha lake linatoweka, nami nasema huyo kaenda zake. Mwishowe Bibi akachoka. "Misikiti imetuzunguka pande zote, mimi nahitaji sanduku liniambie? Niondoleeni." Nikamfunga na wa nne, spika nikazichomoa nikazipeleka chumbani kwangu kusikilizia muziki, na hadithi ya adhana ikaisha. Nilidhani imeisha.

Baada ya hapo kompyuta ikaanza kuzeeka ghafla. Mama anaandika herufi, herufi inakuja baadaye, kama mtu aliyeitwa akiwa ghorofa ya juu. Anabonyeza, kile kichupa cha mchanga cha kukwambia ungoje kinatokea kwenye skrini na kinakaa. Halafu likaanza lile tangazo: memori haitoshi, funga baadhi ya programu. Programu zipi? Hakuna kilichofunguliwa! Ilikuwa skrini tupu na picha ya waridi. Tuliiwasha asubuhi, hatujaigusa, tunakunywa chai na mkate wa kumimina, na taa yake nyekundu inapepesa na ndani kunakwaruza, kr, kr, kr, kama mtu anatafuta kitu kabatini. Nilijua mahali pa kutazama memori imetumika kiasi gani. Hilo nilionyeshwa skuli. Nikatazama. Ilikuwa imejaa karibu yote, na hakuna aliyeifanyisha kazi.

Bibi akaisikiliza ile kr, kr, akaweka kikombe chini. "Hii ina watu ndani."

"Bibi, watu gani? Ni mashine."

"Hakuna anayeitumia, na inafanya kazi. Basi nani anayefanya?"

Swali lile lilikuwa zuri kuliko majibu yote niliyopewa mwaka ule, nami nililicheka. Alasiri yake akatia makaa kwenye chetezo, akatupia ubani, akaizungusha kompyuta moshi mpaka kwenye mgongo wake, akisoma. Mimi nikajitia kukohoa na kusema kwa sauti ya puani, "Jamani tunatoka, tunatoka, mnatuumiza macho." Nilipigwa kanga ya uso.

Mimi nilikwenda kwa Hitesh, mtoto wa duka la vitambaa chini yetu, ambaye nyumbani kwao walikuwa na kompyuta tangu zamani na kwa hivyo alizungumza kama daktari. Hitesh hakuinuka hata kwenye kiti. "Memori imejaa, yakhe. Futa vitu."

"Vitu gani?"

"Vikubwa. Usivyovitumia. Utavijuaje? Vile usivyovijua jina, huvitumii."

Ushauri huu ungemfaa mtu wa kupakia mizigo. Kwa kompyuta haufai, na sasa naweza kueleza kwa nini, ingawa wakati ule nilikuwa sijui. Faili zilizowekwa zimo stoo. Stoo ikijaa, imejaa stoo. Memori si stoo, memori ni busati: ni pale wanapokaa walio kazini sasa hivi. Ukitoa magunia yote ya mchele stoo, waliokaa kwenye busati hata mmoja hatasogea. Mimi nilitoa magunia. Nikazitupa herufi za Kiarabu, nikaiwasha upya, nikatazama: imejaa vile vile. Na Bismillahi haipo.

Mama hakunipiga, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alivitazama vile visanduku, akaizima kompyuta, akatandika kitambaa juu yake, akenda jikoni. Kazi ilikuwa ya Bi Raya wa Vuga, mwanamke mwenye sauti ya kumwamsha aliyelala Malindi, anayemwoza binti yake wa kwanza. Ilikuwa kazi ya kwanza kubwa ya mama, kutoka kwa mtu ambaye si jirani, na akiridhika Bi Raya mji mzima utajua, na asiporidhika pia mji mzima utajua. Usiku ule wa visanduku nilikaa ngazini mwangu nikamsikia akimwambia Bibi, polepole, "Bi Raya anakuja Jumatano kuiona kadi. Kompyuta ikinifia mbele yake, wallahi mama, nnamwambia kaka aichukue, ende nayo Jang'ombe. Cherehani langu nalijua. Halinitii aibu."

Bibi akauliza, "Na Bismillahi?"

"Bismillahi n'taiacha pahala pake patupu."

"Patupu kwa nini? Mimi sikukatwa mkono. Lete wino."

Ikawa hivyo. Bibi, aliyesomeshwa khati za Kiarabu kwenye chuo cha Kurani zamani na ambaye nilikuwa sijamwona akiandika kitu chochote isipokuwa namba za simu ukutani, akachonga kalamu ya bua, akaandika Bismillahi juu ya karatasi tupu, na kadi ikapangwa ichapwe chini yake. Nilimtazama akiivuta ile herufi ya sini ndefu, mkono hautetemeki, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto. Nilikuwa nimejitayarisha kufanya mzaha. Sikuufanya.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Bi Raya akaja. Alipanda ngazi akihesabu hasara za magoti yake kwa sauti. "Hodi hapa!"

"Karibu, karibu Bi Raya. Nassor, mletee mgeni juisi."

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba mwanangu. Huyu ndiye yule mtundu? Mbona mpole?"

"Anajificha," alisema Bibi.

Mama alikuwa ameshaifungua kadi. Alirekebisha neno moja, akarekebisha jingine, kwa namna ile ya mtu anayetembea juu ya yai, kisha akabonyeza kuchapa. Kichupa cha mchanga kikatokea. Kikakaa. Bi Raya akanywa juisi. Akauliza habari za jirani, akajijibu mwenyewe. Kichupa kipo. Mama alikuwa anatabasamu kwa meno tu. Akanigeukia, "Nassor, tutilie hata kasida, mgeni asichoke." Nikakimbia chumbani, nikarudi na spika, nikazichomeka, sauti nikaipandisha juu. Kumwongezea kazi ya pili mashine iliyoanguka na ya kwanza lilikuwa kosa jingine, lakini hilo aliliagiza mama, silihesabu langu.

Kasida haikuja. Alikuja yule wa Mombasa.

"Allahu Akbar, Allahu Akbar!" Bi Raya aliruka, juisi ikammwagikia. Picha ya msikiti ikajaa kwenye skrini juu ya kadi ya mama. Nikaenda mbio kwenye soketi, mkono upo kwenye plagi, mama akapiga ukelele, "Usizime! Sijahifadhi!" na mara ile ile akajiziba mdomo, kwa sababu ilikuwa adhana, na kwetu adhana ikilia hapazungumzwi. Bi Raya akavuta mtandio kichwani. Bibi akaanza kuitikia kimyakimya, midomo inacheza. Yule wa Mombasa hajafika nusu, akadakia yule wa kwanza, mwenye haraka. Halafu mtoto asiyebaleghe. Halafu wa nne. Na katikati yao, kutoka nje dirishani, muadhini wa msikiti wetu wa uchochoroni, yule wa kweli, mwenye kikohozi.

Sijapata kuona wanawake watatu wenye mengi ya kusema wakikaa kimya kwa muda mrefu namna ile. Mama alikuwa akinitazama. Macho yake yalikuwa yakizungumza, tena kwa kirefu, lakini mdomo ulikuwa na adabu. Nami, kwa kuwa hakuna aliyeweza kunifukuza wala kunigombeza, nikapata nafasi ambayo sikuwa nimeipata mwaka mzima: kukaa mbele ya mashine ile nikafikiri. Niliwafunga hawa. Wote wanne niliwafunga kwa mkono wangu. Basi wametokea wapi? Macho yakashuka pembeni, chini kabisa ya skrini, pale inapokaa saa, na pale palikuwa na vikuba vinne vya kijani, kama vya msikiti, vidogo kama punje za mtama. Nilikuwa nikiviona kila siku. Nilidhani ni mapambo. Spika zilikuwa chumbani kwangu, na wakati wa sala hakuna aliyekaa mbele ya skrini akaiona picha. Ule msalaba wa dirisha ulikuwa ukiwatoa machoni tu. Wao walijisogeza pembeni, wakakaa, kila mmoja na sauti yake nzima na picha zake na kalenda yake, wakingoja saa. Na kila ikiwashwa kompyuta asubuhi, wanaingia wote kabla yetu na kukaa kwenye busati. Kula hawali, kuondoka hawaondoki. Bibi alikuwa amesema ina watu ndani, na walikuwamo kweli. Ubani ndio uliokuwa haufiki.

Sikuthubutu kumkata yeyote katikati. Bibi alikuwa hapo. Nilingoja. Alipomaliza wa Mombasa, nikapeleka mshale kwenye kuba yake, nikabonyeza upande wa kulia, ikashuka menyu, na chini kabisa palikuwa na neno la kutoka. Si kufunga, kutoka. Nikalibonyeza, kuba ikapotea. Alipomaliza mwenye haraka, nikamtoa. Mshale ukaanza kunifuata mkono. Nikamtoa mtoto. Nikamtoa wa nne. Ile kr, kr ikanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, na kabla hatujashusha pumzi, printa ikapiga mluzi, ikavuta karatasi, ikaanza kuchapa. Sote tuliitazama kama tunatazama jogoo anayetaga.

Karatasi ilitoka. Bi Raya akaipeleka dirishani, akaunyoosha mkono wake wote maana miwani aliisahau. Aliitazama ile Bismillahi kwa muda. "Hii si ya mashine."

"Ni ya mkono, Bi Raya," alisema mama. "Zote zitakuwa hivyo." Nilimwona Bibi akivitazama vidole vyake, akihesabu kazi.

"Nzuri. Nzuri sana. Na hapa chini mmeandika nini, baba wa bwana harusi, nisomeeni."

"Said bin Khalfan," mama akasoma.

"Khalfan bin Said," nikasema mimi.

Kimya tena, na safari hii haikuwa adhana.

"Kweli, ni Khalfan bin Said!" alisema Bi Raya. "Said ndiye babu yake. Wiki iliyopita nilikuja hapa nikakwambia, tena nikakwambia usije ukachanganya kama walivyochanganya kwenye hati ya nyumba yao mpaka wakapelekana kwa kadhi. Mtoto huyu kayajua vipi? Hapa tulikuwa sisi watatu tu."

Mama alinitupia jicho moja. Akayabadilisha majina, safari hii herufi zikija pale pale anapobonyeza, akahifadhi, akachapa nyingine, na Bi Raya akaikunja ndani ya mkoba wake, akaondoka akizihesabu ngazi kwenda chini na akimwambia kila aliyepishana naye kwamba ametengenezewa kadi yenye Bismillahi ya mkono. Kompyuta haikwenda Jang'ombe. Cherehani ilibaki chini ya kitanda, na ipo huko mpaka leo, ijapokuwa tangu mwezi uliopita nimemwona mama akiinama kuitazama.

Mama alipofunga mlango wa chini akarudi juu, akakaa kwenye kiti chake, akaniambia nimweleze, kwa maneno ya watu si ya Hitesh, ilikuwa nini. Nikamweleza. Nikamwambia kuwa mashine haikuwa imekaa bure hata siku moja, ilikuwa na wanne waliofungiwa dirisha wakajibanza pembeni, wanajaza busati, wanasikiliza saa, na dawa yake si kuwafunga, ni kuwaambia watoke na kuhakikisha wametoka. Nilijiona mwalimu. Bibi alikuwa anasafisha kalamu yake, anatabasamu kwenye wino. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu, akakitandika kile kitambaa cha kufuma juu ya skrini, akakinyoosha pembe zake zote, ndipo akasema:

"Kumbe ndo wewe huyo. Basi kuanzia leo nkikwambia toka, toka mpaka chini barazani. Ukinikalia tena pale ngazini, wallahi n'takutia humu ndani uwe muadhini wa tano."